Trauti wa Tarjei

Gunhild alikuwa akimenya viazi baba yake alipotoka ziwani. Baba huyo, Tarjei, alizama Gunhild akiwa bado msichana, akivuta nyavu tupu, na mwili haukupatikana. Sasa alisimama mlangoni, sweta yake ya sufu ikichuruzika, kijana kuliko bintiye. Gunhild akamwambia avue viatu.

"Mbona umekawia, Baba?"

"Maji yalikuwa makali, mwanangu. Yalinichoma macho, njia sikuiona. Sasa yametulia. Na samaki wetu, trauti, wamerudi, nimepishana nao."

Redio ilishaeleza zamani: moshi wa viwanda vya ng'ambo ya bahari ulishuka na mvua, mvua ikachachua ziwa kwa asidi, samaki wakafa. Siku hizi moshi umepungua na ziwa linapona polepole, konokono kwanza, samaki baadaye. Kijiji kizima kilisikia. Lakini kabla ya redio walishasema ni Tarjei aliyewamaliza samaki kwa nyavu zake za matundu madogo, na maneno hayo hakuna aliyeyafuta. Tangu utotoni, kanisani Gunhild alikaa benchi peke yake. Iliuma, na bado inauma.

Vuli ile Tarjei alivua kama zamani. Gunhild akawapanga trauti kwenye pipa kwa chumvi na sukari kidogo, akawakandamiza kwa jiwe, wakachacha, kama ilivyo desturi, hadi Krismasi. Kisha akamwalika Sigvald, jirani aliyeyaanzisha yale maneno. Alitaka ayafute, baba yake akisikia.

Sigvald akampa Tarjei mkono, akalalamika kwamba ni wa baridi, akaketi.

"Wananuka vizuri hawa," alisema, akijaza mkate wake samaki na vitunguu. "Miaka yote hii tunakula wa dukani. Kile si chakula, ni adhabu."

"Kwa hiyo ilikuwa mvua, Sigvald," Gunhild akasema.

"Mvua, ndiyo. Si redio ilisema?" Akaongeza kipande.

Gunhild akasubiri. Nje theluji ilianguka bila haraka, nyeupe na safi. Maji yalidondoka kutoka mikono ya sweta ya Tarjei, na kwenye kidimbwi chini ya meza kisamaki kiliogelea kikizunguka miguu ya kiti.

Sigvald alishukuru kwa chakula, akavaa kofia. Mlangoni akampigapiga Tarjei begani kirafiki.

"Ila safari hii, bwana, tubakishie na sisi."

"Nitajitahidi," akasema Tarjei.

Gunhild akachukua tambara, akapiga magoti kufuta sakafu.