Kiti Kilichoipa Kamera Mgongo

Baba yangu ni mpiga picha, baba yake alikuwa mpiga picha, na mimi ndiye niliyebaki na studio baada ya kaka yangu mkubwa kukimbilia ufundi bomba. Anasema uzuri wa bomba ni kwamba haliwezi kulalamika kuwa limetoka vibaya. Studio yenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Kuna pazia lililochorwa bustani ambayo hakuna aliyewahi kuifikia, kioo, kitana kilichofungwa kamba kisiondoke na wateja, na koti jeusi la kuazima ambalo nusu ya mtaa imelivaa kwenye picha za pasipoti. Wanene kwa wembamba, koti ni hilohilo. Wembamba nawabana mgongoni kwa vibanio vya nguo.

Kila mwisho wa mwaka tunachagua Jumapili moja, tunawafungia wateja mlango na kupiga picha ya ukoo. Kila mkubwa ana kiti chake na nafasi yake, watoto wana mkeka. Kama kuna aliyefariki tangu picha iliyopita, kiti chake hakiondolewi. Kinageuzwa, kinaipa kamera mgongo, na hakuna anayekikalia. Mwaka unaofuata ndipo tunasogeleana.

Aliyeanzisha utaratibu huo ni babu. Alisema ukiondoa kiti, watu watabanana, pengo litazibika, na baada ya muda hakuna atakayeuliza. Lakini mtoto akiona kiti kimegeuzwa kwenye picha, lazima anyooshe kidole: huyu nani? Na mkubwa aliye karibu lazima aache alichokuwa anafanya amsimulie, marehemu alicheka vipi, alipenda nini, alimkera nani. Ndivyo nilivyomjua shangazi aliyetangulia kabla sijazaliwa, ambaye alipiga mluzi jikoni mpaka bibi akaapa kumfukuza. Ndivyo wanangu wanavyomjua baba yao. Mwaka aliofariki nilikaa bega kwa bega na kiti cha mume wangu, na kwenye picha nimekaza taya kama mtu anayetafuta wa kupigana naye. Nilikuwa namtafuta kweli.

Kupanga viti ni kazi ya baba, hagusi mwingine. Anaamka mapema, anajifungia studio, anapanga, kisha anatuita. Mwaka huu hakukuwa na msiba kwetu. Nilishamshukuru Mungu kwa hilo, tena kwa sauti.

Nilipoingia na taa asubuhi ile, nilikuta viti vimeshapangwa, na kimoja kimegeuzwa.

Kilikuwa kile cha ubavuni kwa mama, upande wa kulia. Hicho ni cha kitinda mimba wetu. Sisi tunamwita Mkia, kwa kuwa alikuja mwisho, na kwa kuwa tangu utotoni hajatoka nyuma ya mama. Sasa ni fundi paa, mtu mzima na ndevu zake. Alikuwa na kazi mji wa pili, na alikuwa ameahidi kupanda basi la kwanza.

"Baba," nilisema, "umekosea kiti."

Baba alikuwa mbele ya kioo, amevaa suti yake, anachana nywele kwa kitana cha wateja. Nywele zenyewe za kuhesabika. Aliendelea kuchana.

Kaka mkubwa aliingia na mke wake, watoto wao na wangu wakiwa mbele yao. Wifi yangu ni mcheshi, hapitwi. Aliona kiti akacheka.

"Leo baba ametuletea mpya! Au mmeamua kumpiga Mkia picha ya kisogo? Afadhali, maana kile kisogo chake ndicho kizuri kuliko uso."

Watoto walicheka. Kaka akacheka, akaninong'oneza, "Uzee huo. Kigeuze tu, asione."

Nikakigeuza, kikatazama mbele. Nikaanza kufunga kamera kwenye miguu yake mitatu. Nilipoinua macho, baba alikuwa ameacha kioo, amekwenda kukirudisha vilevile, mgongo mbele. Akarudi kuchana nywele.

Hapo damu ikanichemka. Mimi sina subira, na ndiyo sababu baba mwenyewe alinibatiza jina la Pilipili.

"Baba, huo ni uchuro! Mtu yuko barabarani, anasafiri, wewe unamgeuzia kiti? Mama akiingia akakiona?"

"Piga picha, Pilipili."

"Sipigi kitu mpaka kiti hiki kikae sawa."

Nikakigeuza tena. Akakirudisha tena. Watoto walidhani ni mchezo, wakawa wanapiga makofi kila kiti kilipozunguka. Wifi hakucheka tena. Aliwakusanya akawapeleka uani, akisema waende wakaoshe miguu, ingawa miguu yao ilikuwa imeoshwa na kupakwa mafuta.

Kaka alitoa simu akampigia Mkia. Nilimwona akisikiliza, akakata, akapiga tena.

"Haipatikani."

"Imeisha chaji," nilisema. "Lini simu ya yule mtoto imewahi kuwa na chaji?"

"Kweli," kaka alisema. Lakini alibaki na simu mkononi, akiitazama.

Ndipo nikakumbuka simu ya baba. Kwa kawaida hiyo haikauki mfukoni mwa shati, na ikilia huipokea kwa kelele kana kwamba anayempigia yuko ng'ambo ya mto. Asubuhi nzima sikuwa nimeisikia. Mfuko ulikuwa mtupu. Nikafungua droo ya meza, ile tunayowekea bahasha za picha, nikaikuta chini ya bahasha, imezimwa. Nilipotaka kuiwasha, mkono wa baba ulitua juu ya mkono wangu. Ulikuwa wa baridi, na ulikuwa unatetemeka. Mkono huohuo nimeuona ukigeuza kiti cha baba yake mzazi bila kutikisika.

Nilijua. Nikakaa juu ya meza.

"Msimamizi wake alipiga alfajiri," baba alisema, taratibu, akitazama mlango wa ndani. "Jana jioni walikuwa wanamalizia paa. Wenzake walishashuka. Yeye akasema abaki kidogo amalize upande uliobaki, ili leo asizuiwe na mtu."

Kaka alikaa sakafuni, palepale aliposimama.

"Mama anajua?" niliuliza.

Baba alitikisa kichwa.

"Baba! Tangu alfajiri?"

"Nilimwendea. Nikamkuta anampigia pasi shati lake, kwa vile huwa anakuja amejikunjakunja. Ananiambia, baba watoto, safari hii atatoka kijana wa maana. Nikasema ndiyo. Akanipa chai, nikaenda kuimwaga nyuma ya nyumba. Nikarudi tena. Kinywa kilikataa, mwanangu. Nikaja huku kupanga viti, na kile sikuweza kukidanganya."

Miaka yote nimemjua baba yangu kuwa mtu wa maneno machache, lakini siku ile nilitamani kumtikisa mpaka maneno yadondoke. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio chetu kilikuwa kimeshafika mlangoni. Wakati huohuo nilimhurumia vibaya sana. Ukumbini nilisikia kandambili za mama zikivuliwa, maana yake alikuwa anavaa viatu vya picha.

Nikaruka, nikakishika kiti.

"Tumpe picha moja tu," nilimwambia baba kwa kunong'ona. "Moja. Akae akijua mwanawe anakuja. Akicheka. Halafu nitamwambia mimi, kwa mdomo wangu. Nakuomba."

"Na sisi tutakuwa na nyuso gani humo, Pilipili?"

"Zozote! Nani atajali nyuso zetu?"

"Yeye ataiona. Itatundikwa ukutani, ataiona kila siku, anacheka na sisi tunajua. Hatatusamehe." Aliweka mkono wake kwenye kiti, upande wa pili. "Mimi nisingetusamehe."

Tulikuwa tumekishika hivyo, mimi huku yeye kule, mama alipoingia.

Alivaa gauni lake la bluu. Mkononi alikuwa na shati la mistari kwenye henga, ameliinua juu lisiguse kitu. Alianza kusema, "Huyu mtoto asipofika sasa hivi nita..." Hakumaliza. Alimwona kaka sakafuni. Akaniona mimi. Kisha akaona kiti, na kilivyotazama.

"Nani amekigeuza?"

Niliomba ardhi ipasuke, au taa zizimike, au mimi niwe mtoto niambiwe nitoke nje. Baba akanyoosha mkono juu, kama mwanafunzi aliyeulizwa na mwalimu, na akauacha hukohuko hewani.

Mama alimtazama. Wamekaa pamoja tangu kabla kaka hajazaliwa. Nadhani alisoma yote usoni mwake, hata habari ya chai.

"Lini?" aliuliza.

"Jana jioni."

"Alikuwa peke yake?"

"Wenzake walikuwa chini."

Nilijiandaa kumdaka. Niliwahi kuwa mahali pale, najua sekunde ile kabla mwili haujaelewa. Lakini mama hakuanguka na hakupiga kelele. Alinitoa mkono kwenye kiti, kidole kimoja kimoja, bila ukali. Baba akaachia mwenyewe. Kiti kikabaki kilivyogeuzwa. Mama alipita kiti chake mwenyewe, kile cha katikati pembeni ya baba, kilichokuwa kinamsubiri kinatazama mbele. Akazunguka, akakaa kwenye kiti cha Mkia, uso kwenye pazia la bustani, mgongo kwetu. Alitoa shati kwenye henga akalilaza mapajani.

Hakuna aliyewahi kukikalia kiti kilichogeuzwa.

"Mama," kaka alisema. "Mama, njoo ukae kwako."

"Niko kwangu. Waite watoto."

Wifi aliwaingiza. Walikaa kwenye mkeka wao bila kuambiwa. Kaka alijikokota mpaka kitini. Baba alikaa mahali pake, na ubavuni mwake kiti cha mama kikawa wazi.

"Mama, siwezi," nilisema. Machozi yalikuwa yananitoka na kamera siioni. "Siwezi kukupiga hivyo. Geuka, nakuomba."

"Pilipili." Sauti yake ilitoka upande wa pazia, ya chini, ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. "Uso huu hakuna wa kuonyeshwa tena. Piga."

Kila mwaka natega saa ya kamera na kukimbilia kiti changu, na kila mwaka natoka nimekaa nusunusu. Mwaka huu sikutega. Nilibaki nyuma ya kamera, nikabonyeza kwa kidole changu.

Mwanga ulipiga, ukazimika. Ndipo mama akalishika lile shati kwa mikono miwili, akalifinyanga, akalikunja ovyo mpaka mistari yote ikapotea.