Kitabu cha Manowari Penhallow

Manowari Penhallow ilipigana vita viwili, ikarudi na sifa tele, kisha ikakatwakatwa ikawa chuma chakavu. Waliosalia ni mabaharia wake. Jumamosi hiyo walijaa ukumbini Plymouth, wakinywa chai na kupanga foleni ili Komanda Aubrey Fennimore awatilie sahihi historia ya meli aliyoiandika mwenyewe.

Jory Hocking, mpiga mizinga wa zamani, alimheshimu Fennimore kupita kiasi. Kifunguamimba wake alibatizwa kwa maji ndani ya kengele ya Penhallow, kama ilivyo desturi ya mabaharia, akapewa jina la Aubrey, likachongwa humo humo kwenye kengele.

Heshima hiyo ilitokana na siku moja katika bahari ya Norwei. Moto ulikuwa unalikaribia ghala la baruti, na ndani alikuwamo Denzil, mdogo wake Jory, pamoja na wenzake. Fennimore alimwamuru Jory afungulie maji ya bahari yalijaze ghala lisilipuke.

"Nimewapigia simu, hakuna anayejibu," alimwambia. "Wamekwisha kufa, Jory. Fungua."

Akafungua. Miaka tisa maneno hayo ndiyo yaliyompa usingizi.

Sasa, akingoja zamu yake, alifunua ukurasa wa siku ile. Fennimore alikuwa amejimwagia sifa bila haya: simu ya ghala iliita, kijana mmoja akaomba dakika mbili wapande ngazi, naye kwa ujasiri akakataa, akaiokoa meli. Ujasiri huo ndio uliompatia nishani. Uongo aliomwambia Jory alishausahau, kama mtu anavyosahau mwavuli.

Kumbe walikuwa hai. Jory aliutazama mkono wake uliofungua yale maji.

"Sogea basi," Perran, baharia mwenzake, alimsukuma kwa nyuma. "Unatafuta picha yako? Ungeivunja kamera."

Jory akasogea.

"Rafiki yangu," Komanda alisema, akikipokea kitabu. "Aubrey wangu hajambo? Nimwandikie yeye?"

"Hajambo, afande. Mwandikie Denzil."

Kalamu ikasita. Fennimore aliuona ukurasa uliofunuliwa, ule wa ghala, uso ukamshuka.

"Ningekwambia ukweli, Jory, ungefungua?"

"Sijui, afande. Na sitajua kamwe, kwa sababu hukuniambia." Jory akakisogeza kitabu karibu zaidi. "Andika."

Foleni ilinung'unika. Jory hakuondoka mpaka jina la mdogo wake lilipoandikwa, herufi zote sita.