Fundi Aliyeogopa Kipaza Sauti

Fundi cherehani alikuwa mkimya mno, hata wateja wakambandika jina la Bubu. Kila Jumapili mkewe alimkanyaga mguu kanisani ili asimame ashuhudie, naye akazidi kujikunyata kwenye benchi.

"Baba watoto, usipomkiri Yesu hadharani utaokokaje?"

"Mungu ananijua, mama. Kipaza sauti ndicho kinachonitoa jasho."

Siku moja dukani, mkewe akipiga pasi nyuma ya pazia, mteja aliyekuwa akikunjiwa miguu ya suruali kwa pini alianza kuwacheka walokole.

"Hawa watu wa Yesu wamerukwa na akili. Au na wewe ni mmoja wao, fundi?"

Bubu alitema pini kiganjani. Sauti ilimtetemeka, lakini ilitoka. "Ndiyo. Mimi ni wake kabisa. Na usitingishike, nisije nikakuchoma."

Mteja alicheka mpaka machozi, kisha akaomba radhi. Mke akachomoka nyuma ya pazia akipiga vigelegele.

"Kumbe mdomo unao!"

"Leo nimeulizwa," fundi akajibu kwa haya, lakini moyoni alijaa furaha. Mkewe alimkumbatia hapohapo, mteja akiwasubiri na suruali yenye mguu mmoja mfupi.