Mateka wa Hatibu

Mama yangu, Mwanvita, alipofariki, Hatibu aliiba kompyuta ya kituo chetu cha redio. Mchana kweupe, mbele ya wafiwa, akaibeba kichwani akitoka nayo huku analia, "Mke wangu, mke wangu." Watu wakacheka. Hatibu ni mtani wa ukoo wetu, na kwetu Uluguru mtani akiwa msibani ana ruhusa ya kufanya upuuzi wowote. Ukitaka kitu chako, unakikomboa kwa jogoo. Mimi nilivimba. Nikaapa hapati hata unyoya.

Kompyuta ile haikukaa Kinole kwa mama kama pambo. Redio yetu iko Msamvu, mjini, na kila tulichohifadhi studio kilijinakili chenyewe kule mlimani, ili Msamvu ikipatwa na balaa, Kinole ibaki. Humo mlikuwa na sauti ya mama, hadithi zake zote za Jumamosi redioni, na zaidi ya studio hazipo mahali pengine popote.

Balaa likaja na mvua. Maji yaliingia studio, diski ikafa. Fundi wetu Erick, bingwa wa maneno, akafunga diski mpya, tupu, akaiamuru mitambo yote miwili ifanane.

"Ifanane vipi?" nikamuuliza. "Nani anamnakili nani?"

Akatazama skrini, uso ukamshuka. Alikuwa ameuamuru utupu wa Msamvu uende ukafute Kinole.

Nilimtukana mpaka matusi yakaniishia, kisha nikakaa sakafuni, kwenye tope. Niliona nimefiwa na mama mara ya pili, na safari hii kauawa na Erick.

"Lakini Kinole haijibu, Dada Zuleha," akasema taratibu. "Inaonekana imezimwa."

Wallahi, kwa hasira zangu hata ofisini sikuwa nimewaambia, na kwa hofu ile nami nilikuwa nimesahau. Kompyuta bado ilikuwa kwa Hatibu, haina umeme wala mtandao, na amri ya Erick haikuwa na pa kufikia.

Kesho yake nikapanda Kinole na Erick, jogoo kwapani.

"Shikamoo, mwizi," nikamwambia Hatibu.

"Marahaba, mchoyo. Jogoo mwenyewe kakonda, mmemlisha redio?"

Akampokea jogoo, akaitoa kompyuta chini ya kitanda, kaivalisha khanga kama bibi harusi. Erick akaiwasha bila kuiunganisha na mtandao, na safari hii aliniuliza kabla ya kugusa chochote. Akafungua hadithi ya mwisho.

Mama akacheka kwenye spika. "Salamu zimfikie Hatibu, mwizi wa kuku, ambaye siku nikifa atakula pilau yangu kuliko watu wote."

Nikalia pale pale, mbele ya Erick na jogoo. Msibani sikuwa nimelia, nilikuwa na kazi ya kukasirika. Kisha nikamgeukia Hatibu nisikie atamjibu nini, maana tangu nimjue hajawahi kumwachia mama neno la mwisho. Akamwachia jogoo aende zake, akatoka nje.