Kiu ya Gari la Dispanseri

Papa Adalbert alifunga mlango wa biro, kisha akafunga na dirisha, ingawa joto la Kalemie saa nane mchana halimruhusu mtu mwenye akili kufunga dirisha. Akaketi na kunyoosha kola ya abakosti yake, lile koti la wakubwa wa Zaïre.

"Shofa anakunywa esanse yetu," alisema, akimaanisha dereva na petroli ya gari la dispanseri.

Clémentine alikodolea macho kalamu yake. Alikuwa na miaka ishirini na sita, amesoma chuo Lubumbashi, na ndiye aliyetunza stoo, makaratasi na muhuri wa dispanseri. Aibu yake ilijulikana: mtu akimkazia macho, yeye hutazama mezani. Papa Adalbert, mkuu wa komite, alimwajiri kwa sababu hiyo hiyo. Alisema mtu mwenye aibu haibi.

"Papa Gaspard ni mtu muzima, Papa," alijibu taratibu.

"Na Germain, shofa wa kwanza, hakuwa mutu muzima? Alikunywa, tukamufukuza. Huyu tumemuleta Pasaka, naye anakunywa. Gari ni lile lile, njia ni ile ile, na esanse inakwisha mara mbili upesi. Wewe umesoma. Niambie inaenda wapi." Akatoa bahasha. "Barua iko tayari. Siku ya posho komite inakaa. Wewe utaleta ushahidi, mimi nitatia sahihi."

Ilikuwa Jumatatu. Siku ya posho ni Jumamosi. Siku tano tu, na mzee wa watoto saba atakuwa barabarani, na jina lake litatembea mbele yake mpaka Moba: mwizi. Katika miaka ile ya Zaïre, shofa aliyefukuzwa kwa esanse hakupewa usukani tena, hata wa mkokoteni.

Clémentine hakutaka kuamini. Lakini shaka ni kama funza: huioni inaingia saa ngapi, unasikia tu mguu unawasha. Alianza kumtazama Papa Gaspard. Aliona kwamba siku hizi anakuja kazini kwa miguu, amepita vumbi lote la mtaa wa Katuba, wakati zamani alikuwa na baiskeli. Aliona kwamba hamruhusu mtu kukaribia upande wake wa gari. Siku ya Jumanne, mzee alipokwenda kula, Clémentine alifungua mlango na kuinamisha kiti. Nyuma yake palikuwa na bidoni, dumu la lita kumi, imejaa esanse, na kipande cha mpira kimeviringishwa juu yake kama nyoka aliyeshiba.

Akakirudisha kiti mahali pake na kwenda kukaa ofisini, mikono ikinuka esanse. Aliosha mara tatu. Mzee aliporudi alimsalimu, "Mama Clémentine, umekula?" naye akainamia makaratasi yake.

Angeweza kumwambia Papa Adalbert saa ile ile, na kazi ingekwisha. Kilichomzuia hakikuwa ujasiri. Ilikuwa ni ile sauti ya kuuliza kama amekula. Akaamua kwanza aone kwa macho yake.

Alhamisi gari lilipaswa kupeleka dawa za chanjo katika kijiji kimoja cha njia ya Bendera, kilomita sitini kwenda na sitini kurudi. Asubuhi Clémentine alichukua fimbo ya kupimia, ile yenye alama za kisu, akaichovya kwenye tangi mbele ya mzee. Ililowa hadi alama ya lita ishirini. Kwa makaratasi ya siku gari lilipokuwa jipya, hizo zilitosha kwenda na kurudi, na karibu nusu ingebaki.

"Na leo nakwenda nawe," alisema, akiitazama fimbo.

Papa Gaspard alifunga kifuniko cha tangi. "Wewe? Njia ile itakuvunja mugongo."

"Nitavumilia."

"Haya. Lakini ukitapika, tapika upande wako."

Walikwenda. Clémentine hakushuka hata mara moja. Kijijini, muuguzi alipokuja kupokea sanduku la chanjo, alimpa kupitia dirishani. Alipoalikwa kula ugali na dagaa alisema tumbo linamsumbua, ingawa lilikuwa linamsumbua kwa njaa. Papa Gaspard naye alikula akiwa amesimama, sahani juu ya boneti, akimwangalia kupitia kioo.

"Mama Clémentine," alisema alipowasha tena gari, "wewe unalinda nini? Dawa zimekwisha kushuka."

"Silindi kitu, Papa."

"Ah. Basi kiti kimekupenda."

Wakaanza kurudi. Njia ilikuwa mashimo na mchanga, na kila gari lilipopanda kilima, Clémentine aliona kwenye kioo cha pembeni moshi mweusi ukiwafuata kama nguo ya msiba. Hakuufikiria. Alikuwa akihesabu mara ambazo mkono wa mzee uliondoka kwenye usukani.

Zikiwa zimebaki kilomita kama ishirini na tano, gari lilikohoa, likakohoa tena, likazima. Papa Gaspard alishika usukani kwa mikono miwili. Mwisho akateremka, akainamisha kiti chake, akatoa bidoni na mpira. Hakuficha. Aliinua bidoni juu ya kiwiko, akavuta kwa mdomo, akatema, na akaingiza mpira katika tangi. Esanse ilitoka kwenye bidoni ikaingia garini. Clémentine alisikia inavyodondoka.

"Hiyo ni ya nani?" aliuliza. Sauti yake ilitoka kali kuliko alivyotaka.

"Yangu."

"Umeitoa wapi?"

"Nimenunua."

"Kwa nini ununue esanse ya dispanseri?"

Mzee alipangusa midomo. "Kwa sababu hii gari ina kiu ya shetani, na mimi niliona mambo yaliyomukuta Germain. Nikisema gari inakunywa sana, watasema ni mimi nakunywa. Basi kila safari naongeza yangu kidogo, mupate kuona inakwisha polepole. Kinga yangu, ile baiskeli, imekwenda humu." Akalipiga tangi kwa kiganja. "Imeingia kwa magurudumu yote mawili."

Clémentine hakujua aamini nini. Mwizi mwenye akili angesema hivyo hivyo. Huenda bidoni hiyo ilitoka tangi hili hili juma lililopita. Lakini jambo moja lilikataa kuondoka kichwani: leo hakuna aliyenyonya chochote. Alikuwa amekaa hapo hapo, njaa inamuuma, macho wazi. Lita ishirini zilikuwa zimekwisha mbele yake, na hakuna mkono uliozigusa.

Alishuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Washa, Papa."

Akaenda nyuma, akafungua leso yake nyeupe, akaishikilia mbele ya bomba la moshi. Alipoiondoa ilikuwa nyeusi, na ilinuka esanse mbichi.

"Papa Gaspard," alisema polepole, "esanse haiibwi. Inatoka huku."

Siku ya Ijumaa walikwenda kwa Urbain, aliyekuwa fundi wa umeme wa treni kabla mishahara ya reli haijawa hadithi. Sasa alikuwa na kibanda karibu na stesheni, akitengeneza redio, dinamo na chochote chenye waya. Alitoa bujii za injini, zile zinazotoa cheche, akazipanga juu ya gazeti. Zote zilikuwa na masizi kama sufuria ya kuni.

"Inakula bila kutafuna," alisema. "Esanse ni nyingi kuliko hewa. Lakini nani anaimimina? Gari za zamani nazifahamu. Hii ina ubongo wake wa umeme chini ya kiti, na mimi siaminiani na kitu chenye ubongo kisichosema." Akamgeukia mzee. "Shofa, hukubadilisha kitu humu? Hakuna kitu kimeuzwa?"

"Wewe nawe!" Papa Gaspard aling'aka. "Mji muzima umekuwa polisi?"

"Nauliza tu. Gari ilikuja na kitabu?"

Kitabu kilikuwepo. Papa Adalbert alikifungia katika kabati la biro tangu siku gari lilipofika kutoka Ulaya, watu wasikiibe. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Clémentine. Alikwenda mbio, akarudi nacho kikiwa bado ndani ya nailoni yake, akaketi juu ya betri kuukuu na kuanza kusoma Kifaransa chake kwa sauti ndogo. Urbain alimwambia apaze, yeye ni fundi wa umeme, si fundi wa minong'ono.

Kitabu kilisema kwamba katika bomba la moshi kuna kidude kama bujii, sonda, kinachonusa hewa iliyobaki katika moshi na kuupelekea ubongo habari kwa umeme mdogo. Hewa ikizidi, sonda inasema njaa, na ubongo unaongeza esanse. Esanse ikizidi, sonda inasema shibe, na ubongo unapunguza. Ikiwa nzima, umeme wake hauchoki kucheza, kutoka sehemu moja ya kumi ya volti hadi sehemu tisa, unapanda na kushuka.

Urbain aliingia chini ya gari na mita yake. "Nimeiona. Washa. Subiri ipate moto." Dakika zikapita. "Dada, umesema inacheza?"

"Inacheza, ndivyo kitabu kinavyosema."

"Hii hailegei wala haikazi. Imelala chini kabisa. Inasema njaa." Akatoka, akalowesha kitambaa kwa esanse na kukisogeza pale injini inapovuta hewa. Injini ilipaliwa, moshi ukatoka mzito. "Sasa imevimbiwa, hata kipofu anaona. Soma mita."

Clémentine aliinama. "Bado iko chini."

"Bado inasema njaa, na chakula kimefika puani! Huyu njo mwizi wenu."

Alipoifungua sonda, ncha yake ilikuwa imefunikwa na utando wa kijivu unaong'aa. Hakuna aliyeujua. Clémentine alifungua kurasa, moja baada ya nyingine, mpaka alipofika penye maandishi mazito: gari linywe tu esanse isiyotiwa madini ya risasi, kwa maana risasi huiua sonda. Ndiyo sababu, kitabu kiliendelea, mdomo wa tangi umefanywa mwembamba na kuwekewa kifuniko ndani, ili bomba la esanse ya kawaida lisiingie.

Wote watatu walilitazama tangi. Mdomo wake ulikuwa mpana kama wa chungu.

"Esanse yote inayotoka Kigoma kwa mapipa ina risasi," Urbain alisema. "Hapa hakuna nyingine. Lakini nani alikata mdomo huu?"

Papa Gaspard alitazama chini. "Germain aliniambia. Papa Adalbert njo alimuita fundi wa kuchomelea. Fimbo ya kupimia ilikuwa haiingii, na yeye alitaka kupima kila siku. Alikuwa hamuamini Germain."

Clémentine alifunga kitabu juu ya kidole chake. Gari lilikuwa limekataa esanse ya Kalemie kwa njia pekee iliyokuwa nayo, na hakuna aliyeuliza kwa nini linakaza mdomo. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na nguo hii ilikuwa abakosti.

Urbain aliirudisha sonda mahali pake kuziba tundu, lakini waya wake aliuacha bila kuuunganisha, akaufunga kwa utepe wa plastiki. Kitabu kilikuwa kimesema ubongo usiposikia sonda hutumia kipimo chake wenyewe. "Afazali ubongo usiwe na shahidi," Urbain alisema, "kuliko kuwa na shahidi wa uongo." Walizunguka nalo mji mpaka jua likaanza kuteremka. Moshi ulipungua, ukawa mwembamba, na leso ya pili ilipata rangi ya kahawia tu.

Jumamosi komite ilikaa. Clémentine alisimama mbele ya watu sita, akaeleza yote tangu bidoni mpaka utando wa kijivu. Akafika mpaka kwenye mdomo wa tangi. Akasema na jina la aliyeamuru.

Papa Adalbert alinyoosha kola yake. "Na fundi huyu Urbain," aliuliza, "ni ndugu ya shofa?"

"Hapana, Papa."

"Wewe na shofa mulikwenda pamoja mpaka Bendera."

"Nusu ya njia ya Bendera. Wiki ijayo nenda wewe, Papa. Kaa kitini, usishuke." Alishtuka kusikia ni yeye anayesema. "Na barua ile mimi siipigi muhuri. Muhuri uko kwangu."

Mzee mmoja wa komite alicheka, akajifanya anakohoa. Papa Adalbert aliikunja barua mara nne, akaitia mfukoni mwa kifua. Hakuichana. "Inaweza kukaa," alisema. "Karatasi haiozi."

Nje, Papa Gaspard alikuwa akingoja kando ya gari, kofia mkononi. Clémentine alimwambia kazi yake ipo. Mzee aliitikia kwa kichwa, lakini uso wake haukufunguka.

"Nikuulize kitu kimoja, mwanangu. Kabla ya kushika ile leso. Uliniamini?"

Angeweza kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, na ingemfurahisha. Clémentine alimtazama usoni, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Hapana, Papa. Nilifungua kiti chako siku ya Jumanne, ukiwa kwenye chakula."

"Najua. Ulikirudisha vibaya." Alivaa kofia yake. "Nami nilikuogopa wewe kuliko Adalbert. Yeye anapiga kelele. Wewe unatazama meza, mutu hajui unaandika nini. Ningekuja kwako Pasaka, leo ningekuwa na kinga yangu."

Walisimama hapo bila kujua nani aondoke kwanza. Kisha Clémentine akauliza Germain anakaa wapi siku hizi.

"Nyunzu, kwa wakwe. Analima mihogo."

"Tunapeleka dawa Nyunzu tarehe kumi na nne."

Papa Gaspard alifungua mlango, akaketi, akashika usukani ingawa hapakuwa na safari. "Utamuambia nini?"

"Sijui bado, Papa," alisema Clémentine.

"Mimi nitaendesha tu," mzee akasema. "Kusema, utasema wewe."