Mashuka Kumi na Shati Jekundu

Mimi ni dobi, na dobi ni mpelelezi asiyepewa cheo. Nikishika shati la mtu najua alikula nini, alikaa wapi, na alimdanganya nani. Miaka ishirini na miwili katika chumba cha kufulia cha hoteli imenifundisha kusoma doa kabla mwenye nguo hajafungua mdomo kujitetea. Kwa hiyo meneja alipotangaza kwamba msimamizi mpya wa chumba cha kufulia lazima afaulu mtihani wa kusoma na kuelewa Kiingereza, nilicheka. Kuelewa? Mimi?

Kicheko kilikatika alipotueleza sababu. Mashine mpya zimekuja na maelezo ya Kiingereza, madumu ya sabuni yana onyo la Kiingereza, na wageni wanaacha vikaratasi vya Kiingereza juu ya nguo zao. Juzi tu mgeni mmoja aliandika kwamba koti lake lisiguswe na maji, akapigia maneno hayo mistari miwili. Sisi tulipoiona ile mistari miwili, tukalifua mara mbili.

Nafasi ile niliitaka, sifichi. Nimewafundisha kazi wasimamizi wanne. Kila mmoja alikuja hajui pamba wala hariri, na kila mmoja aliondoka kwenda kwenye cheo kikubwa zaidi huku akinipungia mkono. Wa tano, kama si mimi, angekuwa Profesa. Profesa ni mpiga pasi wetu. Jina alilipata kwa sababu ya miwani, na miwani yenyewe aliikuta kwenye mfuko wa suruali ya mgeni ambaye hakurudi kuiulizia.

Mwalimu wa Kiingereza nilikuwa naye nyumbani kwangu, na hapo ndipo penye kazi. Ni mke wa mwanangu, anayefundisha shule ya msingi. Tulikuwa tunakaa nyumba moja, tunasalimiana kwa adabu, basi. Kisa kilikuwa gauni langu jeupe la kazini. Mwaka uliopita nilililoweka kwenye beseni uani, na nilipolitoa lilikuwa pinki. Mimi, dobi, nikaenda kazini pinki! Profesa aliniita Bibi Arusi mwezi mzima. Nyumbani kwetu kulikuwa na kitu kimoja tu chekundu kinachochuja rangi, nacho ni kitambaa cha kichwa cha mkwe wangu. Sikuuliza. Ya nini kuuliza? Nilinuna. Toka siku hiyo niliacha kumwita mwanangu, nikawa namwita mwalimu, tena kwa midomo iliyobana.

Sasa nikamwendea huyo huyo, shingo upande.

"Mwalimu, nina shida kidogo ya Kiingereza."

Nilidhani atanizungusha kwanza ili aniweze. Aliondoa nguo kwenye meza ya kupigia pasi, akaweka kitabu cha darasa la nne, akachonga penseli.

Kifungu cha kwanza nitakieleza kwa Kiswahili, tusije tukateseka wote. Bwana mmoja alikwenda sokoni asubuhi. Alinunua kofia. Alirudi nyumbani jioni. Mke wake alikuwa amefunga mlango. Chini yake kulikuwa na sentensi, na kila sentensi uchague jibu moja kati ya matatu: kweli, si kweli, au haikusemwa.

"'Mke alikuwa amekasirika,'" mkwe akasoma. "Unasemaje, Mama?"

"Kweli tupu."

"Imeandikwa wapi?"

"Mwanamume atoke asubuhi, arudi jioni, mkononi kofia moja? Kofia gani inachaguliwa kutwa nzima? Huyo ana mambo yake, na mke ameshajua. Mimi ningefunga mlango nikaweka na kabati."

"Labda alifunga kwa sababu ya upepo."

"Upepo umesemwa?"

"Haukusemwa, Mama." Akatabasamu. "Na hasira nayo haikusemwa."

Nikaona nimejifunga goli mwenyewe.

Kifungu cha pili kilikuwa na mbwa aliyelala chini ya meza. Swali lilidai kwamba mbwa ameshiba. Nikaandika kweli, maana mwenye njaa usingizi anautoa wapi? Haikusemwa. Cha tatu kilikuwa na bibi anayemwandikia barua kijana wake. Sentensi ilidai kijana hajibu barua, nikaandika kweli. Haikusemwa. Nilitupa penseli, mkwe akaiokota, akaichonga tena.

"Mama, tatizo lako si Kiingereza," aliniambia wiki ya tatu. "Maneno unayajua. Tatizo unajua na mengine ambayo hayapo. Siku ya mtihani unayoyajua yafungie kabatini, usome yaliyo mezani."

Ugonjwa ule ukaingia nyumba nzima. Mwanangu akichelewa, nikisema, "Atakuwa na wale wapuuzi wenzake," sauti inatoka jikoni, "Haikusemwa, Mama!" Jirani yetu alikuja kunieleza kwamba fundi cherehani wa mtaa wa pili amenunua viatu vipya, kwa hiyo ana bwana. Nikamuuliza, "Umeisoma mstari wa ngapi?" Aliondoka chai ikiwa nusu kikombe, na siku tatu hakukanyaga kwangu. Nilimkosa, kusema kweli, lakini nilipata nafasi ya kusoma.

Siku ya mtihani tulikaa watu kumi na wanne kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi, tukinukia sabuni. Vifungu vya mwanzo nilipita navyo vizuri. Halafu nikafungua ukurasa wa mwisho, na chumba kizima kikachangamka, maana kifungu kilihusu kufua nguo. Profesa alifuta miwani yake, yaani ya yule mgeni, akajiweka sawa kwenye kiti kama mtu aliyeletewa chakula.

Habari ilikuwa hivi. Mwanamke mmoja alikuwa na mashuka kumi meupe na shati moja jekundu jipya. Alivitia vyote kwenye mashine moja. Alichagua maji ya moto. Kisha akaenda kunywa chai.

Mtu wa nyuma akapiga ukelele, "Mungu wangu, maji ya moto!"

"Kimya!" akasema meneja.

Sentensi ya mwisho ilisomeka: mashuka yalitoka yakiwa pinki. Kweli, si kweli, au haikusemwa?

Profesa aliandika papo hapo, akakunja mikono. Kila mtu aliandika papo hapo. Mkono wangu ulishafika kwenye kweli. Jekundu jipya, maji ya moto, tena mwenyewe kaenda kunywa chai! Hata mtoto mchanga anajua mashuka yale yametoka na rangi gani. Mimi rangi ile nilishaivaa!

Hapo penseli ikasimama. Gauni langu nililiona likiwa jeupe, baadaye nikaliona likiwa pinki. Kitambaa chekundu nilikijua ni cha nani. Lakini nani aliniambia ni mkono wa nani uliokitia? Hakuna. Pale katikati nilijaza mwenyewe, nikajipa maksi zote, nikanuna mwaka mzima. Kila kipande cha udobi mwilini mwangu kilikuwa kinapiga kelele kweli, kweli, kweli. Nikajikaza kisabuni, nikaandika haikusemwa, kisha nikageuza karatasi kifudifudi nisije nikaifuta.

Baada ya siku mbili meneja alitukusanya mbele ya mashine.

"Watu kumi na watatu wameandika kwamba mashuka yalitoka pinki," alisema. "Profesa ameandika na ukurasa mzima wa kumkemea yule mwanamke. Kifungu hakikusema kama mashine iliwashwa." Akanigeukia. "Wewe peke yako umepata. Umewezaje?"

"Nina mkwe," nikasema.

Akanivisha ufunguo wa chumba cha kufulia shingoni. Profesa alivua miwani ili anione vizuri.

Nilifika nyumbani nikitembea katikati ya njia. Mkwe alipouona ufunguo alirukaruka jikoni na mwiko mkononi, akasahau kwamba mimi na yeye hatukumbatiani, akanikumbatia. Mwanangu alikuwa mezani anakunywa chai, akapiga makofi.

"Kaeni," nikasema. "Leo nauliza mimi. Gauni jeupe liliachwa kwenye beseni uani. Kitambaa chekundu kikaingia humo. 'Mkwe ndiye aliyekitia.' Kweli, si kweli, au haikusemwa?"

Makofi yalikoma. Mkwe aliuweka mwiko mezani.

"Haikusemwa, Mama," alisema.

Mwanangu akapaliwa na chai. Alikohoa, akageuka kule, akakohoa tena, na masikio yake yakawa na rangi ya kile kitambaa.

"Nilitaka kumsaidia mke wangu kufua kitambaa chake," alisema alipopata pumzi. "Nikaona beseni lina maji na povu tayari."

"Mwaka mzima!" nikamwambia mkwe. "Nimekununia mwaka mzima na wewe ulikuwa unajua. Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza, Mama."

Niliona aibu, nikavuta kiti nikakaa karibu naye. Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu." Na hapo nilikuwa namwambia yeye, si yule aliyekuwa anakohoa. Yule wa kukohoa nilimpa beseni, akafue.