Mchanga wa Rhiw Ddu

Walipoikuta Morfudd, kuku walikuwa wakitagia ndani ya tanuri lake. Injini hiyo ndogo ya mvuke ilikuwa imesimama kwenye banda la mkulima tangu machimbo ya mawe ya kuezekea ya Cwm Hesgin yalipofungwa, miaka ishirini na miwili, kutu imeila hadi majina ya walioitengeneza hayasomeki. Nesta Pugh, mpishi wa shule ya pale bondeni, ndiye aliyeingiza mkono akatoa mayai kumi na manne, akayapanga ndani ya kofia yake ya sufi. Kisha akageuka akawauliza wenzake, "Haya, tunaanzia wapi?"

Hiyo ilikuwa mwaka sabini na tatu. Siku hiyo walikuwa watu wanane, na hakuna aliyelipwa hata senti, si siku hiyo wala baadaye. Walikuja Jumamosi baada ya kazi zao na Jumapili baada ya kanisa. Walifyeka miiba iliyofunika reli, wakang'oa mataruma yaliyooza, zile mbao zinazobeba reli, wakashindilia kokoto kwa mikono mvua ikiwapiga mgongoni. Wengine walichoka wakaacha, wengine wakafa, wapya wakaja. Mwaka wa tano Morfudd akatoa moshi. Mwaka wa sita wakaanza kubeba watalii, maili mbili tu, kutoka kijijini hadi mtoni, kwa maana daraja la kuvuka mto lilikuwa limekwenda na maji. Mwaka wa kumi na moja daraja jipya likasimama, na reli ikapanda tena mlima hadi Chwarel Uchaf, juu kabisa, kwenye machimbo yenyewe.

Kikabaki kitu kimoja. Mkaguzi wa serikali aje kutoka London, aone, atie sahihi.

Dereva mkuu wa reli hiyo alikuwa Hefin Morris, mwalimu mstaafu wa useremala, mtu mwema na mwenye kichwa kigumu. Nesta alikuwa amefaulu mtihani wa udereva tangu mwaka juzi, lakini kila treni yenye abiria Hefin aliiendesha mwenyewe. Nesta alimtilia makaa. Siku za Jumatatu jioni, hakuna watu, ndipo alipoachiwa Morfudd avute mabehewa ya kokoto. Alivuta kokoto hizo miaka miwili bila kunung'unika mbele za watu. Nyumbani alinung'unika hadi mumewe akawa anakwenda kulala mapema.

Asubuhi ya ukaguzi ilinyesha mvua nyembamba, ile isiyoonekana lakini inapenya hadi kwenye mifupa. Nesta alifika saa kumi na moja alfajiri kuwasha moto. Hefin alipokuja, alimkuta anachungulia sanduku lililo juu ya boila, la mchanga unaomwagwa kwenye reli magurudumu yasiteleze.

"Mwalimu, kifuniko hiki kinavuja," alisema Nesta. "Mchanga umelowa. Tuukaushe kabla hatujaondoka."

"Mchanga ni mchanga, Nesta. Umelowa, haujalowa, ni mchanga."

"Na unga je? Umelowa, haujalowa, ni unga?"

"Hapa si jikoni," Hefin alisema, akacheka, akaenda kumpokea mgeni. Nesta akafunga kifuniko. Moto ulikuwa unamwita.

Mkaguzi aliitwa Bwana Thornley, mrefu, mkimya, na mwavuli ambao hakuufungua. Alikagua daraja kwa saa nzima, akagonga kila msumari. Alitaka mabehewa manne, na kila kiti kiwe na uzito wa mtu. Basi walikuwa wamepakia magunia ya kokoto kwenye viti. Gethin, tarishi wa bonde lile, ambaye kwenye treni ndiye gadi, mshika breki wa nyuma, aliyapitia magunia yote akiyasalimia.

"Hawa ndio abiria ninaowapenda," alimwambia Nesta. "Hawatapiki, hawaulizi choo kiko wapi."

Wakaondoka. Walivuka daraja polepole, na mkaguzi amesimama nyuma ya Hefin akiandika. Ng'ambo ya mto ndipo unapoanza mteremko wa Rhiw Ddu, mahali ambapo reli inainuka kama paa la nyumba na mwamba mweusi unachuruzika maji pande zote. Walipofika katikati, Bwana Thornley akasema, "Simamisha hapa."

Hefin akamwangalia. "Hapa hapa?"

"Hapa. Siku moja kondoo watawasimamisha hapa mkiwa na watu mia. Nataka kuona mtaondokaje."

Kando ya reli, kwenye barabara ya shamba, Idwal Pugh alikuwa amekaa juu ya trekta lake. Idwal ni kaka wa mume wa Nesta, mfugaji wa kondoo, na kwa miaka kumi na moja hakuchoka kuwaambia wale watu kwamba wanacheza kama watoto. Alikuwa amekuja na mnyororo, ameuning'iniza mahali ambapo kila mtu angeuona.

"Shemeji," aliita. "Mkishindwa nipungie mkono tu. Siku hizi nafanya bei nafuu kwa wajane na mayatima."

"Mume wangu bado yu hai, Idwal."

"Akisubiri chakula cha mchana kilichochelewa, hatakuwa hai muda mrefu."

Hefin alifungua mvuke. Morfudd akaguna, akatikisika, magurudumu yakazunguka papo hapo kwa kelele kama mashine ya kusaga, cheche zikaruka, na treni haikusogea hata unyayo. Akafunga. Akajaribu tena kwa nguvu zaidi. Safari hii treni nzima ikarudi nyuma kidogo, na Gethin kule mwisho akakaza breki kwa mikono miwili. Harufu ya chuma kilichoungua ikajaa.

Bwana Thornley akatazama saa yake. "Nitawaruhusu mabehewa mawili," alisema kwa upole. "Manne hapana."

Kila mtu pale alijua kwamba kwa mabehewa mawili reli ile isingemudu hata makaa yake. Miaka kumi na moja ilikuwa imesimama kwenye mteremko ule pamoja na magunia ya kokoto. Hefin alikuwa ameshika wenzo wa mvuke kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa.

Nesta akashuka. Akainama kwenye magurudumu, akapitisha kidole mdomoni mwa bomba la mchanga. Hamna kitu. Juu ya reli pia hamna, hata chembe. Akapanda kwenye boila, akafungua sanduku, akachoma na kijiti. Mchanga ulikuwa umeshikana kama ugali uliolala.

"Bwana mkaguzi," alisema kutoka juu, "unaondoka saa ngapi?"

"Treni yangu ni saa tisa. Nina dakika arobaini za kukupa, nisipokunywa chai."

"Utakunywa chai. Na mkate wa zabibu upo, nimeuoka mwenyewe. Nipe hizo arobaini."

Alishuka na ndoo ya mchanga. Akachukua beleshi la makaa, akalisugua kwa kitambaa, akaweka mchanga juu yake, akauingiza mdomoni mwa tanuri. Akaukaanga. Akautikisa, akaugeuza, kama mtu akaangavyo karanga, mvuke ukapanda, mchanga ukaanza kubadilika rangi na kutiririka. Akaumwaga kwenye ndoo kavu, akachukua mwingine. Nyusi ziliungua upande mmoja na hakujali. Beleshi la tatu, Hefin aliinama akamshikia ndoo. La tano, akavua koti lake la mvua akaenda kufunika sanduku lisiendelee kuvuja.

Sanduku lilipojaa, Hefin hakurudi upande wake. Alilichukua beleshi.

"Asubuhi uliniambia, nikakujibu kipumbavu," alisema, bila kumtazama. "Endesha wewe. Nitatia makaa."

Bwana Thornley akauliza, "Ana cheti?"

"Anacho. Tangu mwaka juzi."

"Basi kwa nini hakuwa anaendesha?"

Hefin alitia beleshi moja la makaa, taratibu kuliko ilivyohitajika. "Hilo swali," alisema, "nitamjibu yeye, si wewe."

Nesta akashika wenzo. Akachungulia nje, akamwita Gethin.

"Kaza breki ya behewa la mwisho. Hilo tu. Nikirudi nyuma nikakugonga, usiachie. Utakaposikia minyororo ya mabehewa ya mbele imekazwa, yote mitatu, ndipo uachie."

"Baba yako alikuwa akifanya hivyo, alipoendesha treni za machimbo," Gethin alisema.

"Na mimi nilikuwa nakaa pale ukutani na chakula chake, namtazama. Nenda."

Akairudisha injini nyuma, polepole, hadi mabehewa yote yakabanana na minyororo inayoyaunganisha ikalegea, ili injini ivute behewa moja baada ya jingine. Akafungua mchanga. Ukatoka bombani mkavu, ukaanguka juu ya reli mbele ya magurudumu. Akafungua mvuke, kidogo mno, kiasi cha kufungua mlango mtoto asiamke. Morfudd akavuta pumzi. Gurudumu likauma mchanga, likasaga, likashika. Mnyororo wa kwanza ukakaza, behewa moja likasogea. Wa pili. Wa tatu. Kule nyuma Gethin akaachia breki, na la nne likafuata.

Hakuongeza mvuke. Kila kitu mwilini kilimwambia aongeze, na hakuongeza. Akasubiri mpigo mmoja, mwingine, mwingine, huku akisikiliza kwa nyayo. Mwamba mweusi ulianza kupita dirishani. Hefin alitia makaa kidogo kidogo, mahali palepale ambapo Nesta angeyatia. Mipigo ikakaribiana. Ndipo akamfungulia Morfudd, na injini ikanguruma bonde zima likasikia, moshi ukapanda mweupe juu ya mvua, na walipopita trekta la Idwal, Nesta alimpungia mkono.

"Umepunga," Idwal alipiga kelele, ameruka chini akikimbia kando. "Nije nivute?"

"Njoo utufuate, shemeji, kama hilo dude lako litaweza."

Likaweza, lakini lilifika nyuma yao.

Chwarel Uchaf walikuta watu wengi kuliko walivyotarajia, wamesikia ngurumo wakatoka majumbani, wengine na unga mikononi, mwingine na povu la kunyolea shavuni. Gari moshi lilikuwa halijafika pale miaka thelathini na mitatu. Walisimama tu wakitazama. Kisha mtu mmoja akaanza kuimba, na bonde lile, likianza kuimba, halina namna ya kuacha. Bwana Thornley alitia sahihi juu ya goti lake, mabehewa manne, akala vipande vitatu vya mkate wa zabibu, akaikosa treni yake.

Wiki mbili baadaye walifungua rasmi. Orodha ya kazi ilibandikwa ukutani kwa mwandiko wa Hefin: *Dereva, N. Pugh. Makaa, H. Morris.* Nesta aliisoma mara moja, akaenda kuwasha moto, akakuta umeshawashwa.

Walipanda mlima wakiwa na watalii mia na ishirini na kamera zao. Kule juu, watalii waliposhuka kupiga picha, bibi mmoja alipita katikati yao na kikapu, amevaa koti lake zuri. Kwake ni nyumba ya mwisho, juu ya machimbo, na tangu reli ife alikuwa akishuka sokoni kwa miguu. Alifungua mlango wa behewa la kwanza, akakaa, akaweka kikapu magotini.

Nesta akamfuata dirishani. "Mama, hii ni ya watalii, tunarudi baada ya nusu saa."

"Sawa," bibi alisema. "Nitangoja. Nataka nyama, na uzi mweusi. Mnapanda tena saa ngapi?"

Nesta akamwambia. Kisha akatembea hadi kwenye injini, akapanda, akamwambia Hefin aongeze makaa, kwamba safari hii wana abiria wa kweli.